Madeni yamejidabo baada ya kuhamia programu mpya ya mahesabu: nini ubebe, nini uache kule kule

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Nina duka la vifaa vya uvuvi hapa Kirumba, Mwanza, jirani na Mwaloni, nauza nyavu, kamba, maboya, taa na spea za injini. Miaka minne nimetumia QuickBooks ya kwenye kompyuta, mhasibu aliyekuwa anaijua ameondoka, sasa nimelipia programu ya mtandaoni ili niweze kuangalia mauzo hata nikiwa Nansio. Nimetoa orodha ya wateja na invoisi nikaziingiza kule, namba za simu zimepoteza sifuri, tarehe nyingine zimegeuka, na madeni ya wateja ambayo kwenye ya zamani yanasoma 21,430,000 huku kwenye mpya yanasoma 42,860,000. Kuna kijana anasema atanihamishia miaka yote minne kwa jioni moja. Nimwachie?"

Salama dada, pole na majukumu. Nianze na hiyo namba ya mwisho maana ndo inayokunyima usingizi. Chukua 42,860,000 gawa kwa mbili, unapata 21,430,000 kamili bila hata shilingi kuzidi. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika, madeni yameingia mara mbili tu. Mara ya kwanza yaliingia na orodha ya wateja, kwa sababu lile faili ulilotoa lina kolamu ya salio na wewe wakati wa kuoanisha kolamu ukaikubali iende kwenye salio la kuanzia la mteja, halafu mara ya pili yakaingia ulipoleta zile invoisi ambazo hazijalipwa. Programu haiwezi kujua kwamba ile laki nane ya invoisi ya mteja fulani ndo ile ile laki nane iliyokaa kwenye salio lake, yenyewe kazi yake ni kujumlisha.

Hapo inabidi uchague njia moja na uiache nyingine kabisa. Mimi nakushauri baki na invoisi moja moja na hiyo kolamu ya salio uifute kwenye faili kabla ya kuingiza. Sababu ni biashara yako yenyewe, wateja wako wengi nadhani ni watu wa dagaa, wanachukua taa na nyavu kwa mkopo wakiingia giza (zile siku zisizo na mbalamwezi), wanakuja kulipa baadaye kidogo kidogo, leo laki mbili kesho elfu themanini, sasa kama ndani ya programu una salio moja tu la jumla hutajua hiyo elfu themanini inapunguza mzigo wa lini, na hutajua nani deni lake lina wiki tatu na nani lina miezi saba. Ukiwa na invoisi zenye tarehe zake unabonyeza ripoti ya umri wa madeni unaona mara moja nani wa kupigiwa simu. Hiyo ripoti peke yake inatosha kulipia hiyo programu.

Na kwa kuwa hujasema kama umeshaanza kuuza kwa kutumia programu mpya, nachukulia bado. Basi usianze kurekebisha mteja mmoja mmoja, futa kila kitu ulichoingiza au fungua kampuni mpya tupu ndani ya akaunti yako uanze upya kwa mpangilio. Kurekebisha juu ya kitu kilichoingia vibaya kunachukua muda mrefu kuliko kuanza upya, na kuna makosa yatabaki humo ndani utakuja kukutana nayo mwezi wa kumi na mbili ukifunga mahesabu.

Sasa hilo la miaka minne. Hapa ndo tunatofautiana na kijana wako. Usihamishe miaka minne. Najua inauma kuona programu mpya ni tupu wakati kule una historia yote, lakini jiulize hiyo historia unaitaka ya nini. Kama ni kwa ajili ya TRA, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakutaka utunze kumbukumbu miaka mitano, utunze na uweze kuzionyesha zikitakiwa, haikwambii lazima ziwe ndani ya programu unayotumia leo. Kama ni kwa ajili ya kulinganisha mauzo ya mwaka jana na mwaka huu, unahitaji jumla za kila mwezi tu, hizo unaziandika kwenye Excel kwa nusu saa. Lakini ukisema uhamishe kila risiti, kila malipo, kila makato ya benki ya miaka minne, basi kila malipo lazima yajue yanalipa invoisi gani, kila invoisi lazima ijue bidhaa ipi kwa gharama ya siku ile, na mafaili ya kawaida ya CSV (ya maandishi matupu) hayabebi hayo mahusiano, yanabeba mistari tu. Utaishia na malipo yanayoning'inia bila invoisi na stoki yenye gharama za ajabu, halafu faida ya miaka iliyopita inabadilika wakati ritani ulishapeleka. Hilo la mwisho ndo baya zaidi, maana vitabu vyako vipya vitakuwa vinapingana na karatasi ulizosaini.

Kinachohama ni vitu vichache: orodha ya akaunti, wateja, wasambazaji, bidhaa na idadi iliyopo, invoisi ambazo hazijalipwa za pande zote mbili (unazodai na unazodaiwa), na masalio ya akaunti zote kwa siku moja utakayoichagua. Basi. Vingine vinabaki kule kule, lakini vinabaki vizuri, na hapo pana kazi kidogo.

Kubaki vizuri maana yake hivi. Kwanza tafuta nywila ya msimamizi mkuu wa hiyo QuickBooks, leo hii, kabla hujafanya kingine. Mhasibu ameondoka, kama nywila anayo yeye peke yake mpigie kwa upole muwe mmemaliza hilo, kwa sababu akaunti ya kawaida inaweza isikuruhusu kutoa kila ripoti. Halafu chukua bakapu kamili, ile inayotoka na mkia wa QBB, iweke kwenye flashi mbili na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ila usitegemee bakapu tu, maana hiyo haifunguki bila QuickBooks ya toleo lile au la baadaye yake, na kompyuta ya dukani ikifa miaka miwili ijayo utakuwa na faili ambalo huwezi kulisoma. Kwa hiyo toa pia ripoti zenyewe, kwa kila mwaka: leja kuu (miamala yote, akaunti kwa akaunti), jono zote (maingizo ya debiti na krediti), mauzo kwa mteja, manunuzi kwa msambazaji, thamani ya stoki mwisho wa mwaka, ripoti za VAT kama umesajiliwa, urari (orodha ya masalio ya akaunti zote) na mizania (mali na madeni ya biashara). Kila moja kwa Excel na kwa PDF. Excel ni ya kutafutia, PDF ni ya kuonyesha mtu. Ukimaliza nenda kwenye mipangilio ya QuickBooks uweke tarehe ya kufunga vitabu yenye nywila, asije mtu akaandika kitu kwa bahati mbaya baada ya wewe kuhama.

Siku ya kuhama. Chagua mwisho wa mwezi, na kama umesajiliwa VAT chagua mwisho wa mwezi halafu upeleke ritani ya mwezi huo kutoka programu ya zamani, ile ya tarehe 20, mpya ianze na mwezi mpya mzima. Usikate mwezi katikati, utajikuta unajumlisha VAT ya nusu mwezi huku na nusu kule kwa kalamu. Mwezi upi sasa, hapo we ndo unajua ziwa lako. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi ya dagaa inakaa nchi kavu, giza likianza watu wanakimbilia vifaa. Angalia kalenda utafute mwisho wa mwezi ambao haujagongana na ile wiki watu wanapanga foleni dukani kwako, kwa sababu siku ya kuhama lazima uhesabu stoki kwa mkono, na huwezi kuhesabu nyavu huku unauza nyavu.

Tuje kwenye sifuri na tarehe, maana hivyo vitu viwili vinasumbua watu wengi sana mjini hapa na wanadhani programu ndo mbovu. Shida inatokea katikati, pale unapolifungua faili la CSV kwa Excel kwa kubofya mara mbili. CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa na koma, halina maelezo kwamba hii kolamu ni simu na hii ni pesa, kwa hiyo Excel inakisia. Ikiona 0754 na tarakimu zinazofuata inasema hii ni namba, namba haianzi na sifuri, inaikata. Ikiona simu iliyoanza na 255 ambayo ina tarakimu 12 inaionyesha kama 2.55754E+11, na ukihifadhi tena kama CSV inahifadhi kile kinachoonekana kwenye kioo, kwa hiyo namba ya mteja imepotea kabisa, hairudi hata ukipanua kolamu. Kontrol namba za serikali nazo zina tarakimu 12 zinapata ajali hiyo hiyo. Na akaunti au kumbukumbu yoyote yenye tarakimu zaidi ya 15, Excel ikiigeuza namba inabakisha 15 za mwanzo na zinazobaki inazifanya sifuri.

Dawa yake: fungua Excel tupu kwanza, nenda kwenye menyu ya data, leta faili la maandishi kwa njia hiyo, na kabla halijaingia uiambie kolamu ya simu, ya TIN, ya namba za akaunti na ya namba za invoisi zote ni maandishi. Ukitumia Google Sheets kuna kisanduku wakati wa kuingiza kinachouliza kama igeuze maandishi kuwa namba na tarehe, ondoa tiki hapo. Na faili la kwanza ulilotoa QuickBooks usiliguse kabisa, tengeneza nakala ndo uchezee, la asili liweke folda yake.

Tarehe ni mbaya kuliko simu maana kosa halionekani. Sisi tunaandika siku kwanza halafu mwezi, kompyuta nyingi zinakuja na mpangilio wa Kimarekani wa mwezi kwanza. Sasa 03/07 yako ya tarehe tatu mwezi wa saba inasomwa tarehe saba mwezi wa tatu, inakubalika, inaingia, hamna anayelalamika. Ila 25/07 haiwezi kusomwa hivyo kwa sababu hakuna mwezi wa 25, basi inabaki kama maandishi. Ndo maana wewe umeona tarehe "nyingine" zimegeuka na nyingine ziko sawa. Njia ya haraka ya kulijua: angalia kolamu ya tarehe ndani ya Excel bila kuipanga, kama baadhi zimeegemea kulia na baadhi zimeegemea kushoto ujue zile za kulia zimesomwa kama tarehe, na inawezekana zimegeuzwa, zile za kushoto ni maandishi. Usijaribu kurekebisha moja moja, rudi kwenye faili la asili. Badili mpangilio wa tarehe kwenye Windows uwe wa siku kwanza, leta upya, halafu faili la kupeleka programu mpya liandike mwaka kwanza, 2025-07-03, huo mpangilio hauna njia mbili za kusomwa. Kisha wakati wa kuingiza programu mpya nayo ikikuuliza mpangilio wa tarehe usibonyeze endelea kwa mazoea, soma.

Namba za pesa zisafishe pia. Nimeona mafaili mengi ya maduka yetu yana 45,000/= kwenye kolamu ya bei, au TSh mbele, au mtu kaandika "elfu 45". Hayo yote kwa programu ni maneno, siyo pesa, mengine yanaingia kama sifuri na huambiwi. Koma za maelfu nazo ziondoe, maana koma ndo inayotenganisha kolamu, 1,250,000 inaweza kukatika ikawa kolamu tatu na mstari mzima ukasogea. Andika 1250000. Na zile namba za kwenye mabano ambazo mhasibu anamaanisha hasi, kwa mfano mteja aliyeweka advansi, zigeuze ziwe na alama ya kutoa mbele.

Majina. Hapa kwetu kuna jambo la ziada, majina ya Kisukuma yenye Ng'. Ile alama ya juu ukiandika kwenye simu mara nyingi inatoka iliyopinda, ukiandika kwenye kompyuta inatoka iliyonyooka, kwa macho ni mteja mmoja ila kwa programu ni wateja wawili, na faili likihifadhiwa bila UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi za kila aina) ile iliyopinda inageuka kuwa madudu ya ajabu katikati ya jina. Kwa hiyo tafuta na ubadilishe zote ziwe zilizonyooka, na wakati wa kuhifadhi chagua ile CSV ya UTF-8. Nafasi za ziada mwisho wa jina nazo ni hivyo hivyo. Na kama una wateja kumi wameandikwa kwa jina la mwalo au kisiwa tu, "mzee wa Ukara", "mzee Ukara 2", huu ndo muda wa kukaa na kijana wako wa kaunta mkubaliane kila mmoja ni nani na simu yake ipi. Kazi hiyo haifanywi na fundi wa kompyuta, inafanywa na mtu anayewajua watu. Ikiwezekana mpe kila mteja namba fupi ya utambulisho, W001 na kuendelea, invoisi zikiingia zifuate namba hiyo badala ya jina.

Sasa mpangilio wa kuingiza, usiruke hatua. Akaunti kwanza, halafu aina za kodi, halafu wateja na wasambazaji (bila salio), halafu bidhaa, halafu invoisi zilizo wazi, mwisho jono la masalio. Ukianza na invoisi kabla ya wateja baadhi ya programu zinakutengenezea wateja zenyewe kwa kusoma jina, ndo unapata kila mtu mara mbili. Kila hatua anza na mistari mitano tu, na uchague mitano migumu: mwenye Ng', mwenye advansi, mwenye invoisi iliyolipwa nusu, mwenye simu mbili, mwenye jina lenye koma. Hao wakipita salama wengine watapita.

Invoisi zilizo wazi ndo sehemu ya kukaa nayo. Leta namba ile ile ya invoisi, tarehe ile ile ya asili na tarehe ya mwisho wa kulipa, lakini kiasi kiwe kilichobaki, siyo cha mwanzo. Mtu alichukua mzigo wa 950,000 akalipa 600,000, unaingiza 350,000. Na hapa kuna mitego miwili ambayo hata wahasibu wazuri wanaikanyaga.

Mtego wa kwanza ni VAT. Tuseme una invoisi ya 1,180,000, ndani yake 180,000 ni VAT ya asilimia 18, na ulishaitangaza kwenye ritani ya mwezi ule. Ukiiingiza kwenye programu mpya ikiwa na kodi ya 18 kuna programu ambazo ritani ya kwanza inakusanya kila invoisi ya nyuma ambayo yenyewe haijawahi kuiripoti, kwa hiyo utalipa hiyo 180,000 mara ya pili. Ingiza invoisi za zamani kwa kiasi kamili bila aina yoyote ya kodi, deni la mteja ni 1,180,000 hiyo hiyo, ila kodi isiguswe. VAT unayodaiwa siku ya kuhama, kama ipo, inaingia kama salio moja kwenye jono. (Kama hujasajiliwa, kikomo cha usajili tangu Julai 2023 ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, hii aya iruke.)

Mtego wa pili ni mapato. Invoisi yoyote ikiingia inataka kwenda kwenye akaunti ya mauzo, sasa mauzo ya mwezi wa sita ukiyaingiza tena mwezi wa nane faida yako imevimba kwa milioni 21. Fungua akaunti moja uiite akaunti ya kuhamia. Invoisi zote za zamani za wateja zielekeze huko badala ya mauzo, za wasambazaji nazo huko huko badala ya manunuzi. Ukiingiza bidhaa na idadi na gharama, thamani ya stoki nayo upande wa pili uende huko, na kama programu yako haikupi nafasi ya kuchagua basi itaipeleka kwenye akaunti yake yenyewe ya mtaji wa kufungulia, utaihamisha kwa jono. Halafu ukija kuandika jono la masalio kutoka kwenye urari wa zamani, badala ya kugusa akaunti ya wadaiwa unaandika ile 21,430,000 kwenye akaunti ya kuhamia, na stoki vivyo hivyo na wadai vivyo hivyo. Mwisho wa yote akaunti ya kuhamia lazima isome sifuri. Isiposoma sifuri usifungue duka kwa programu hiyo, kuna kitu kimeingia mara mbili au hakijaingia.

Na ikigoma kuwa sifuri, kabla hujachanganyikiwa angalia tofauti yenyewe. Ikigawanyika kwa tisa bila kubaki, mara nyingi tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, 5,400,000 imeandikwa 4,500,000, tofauti ni 900,000. Kama nusu ya tofauti unaiona mahali fulani kwenye urari, basi salio hilo limeingia upande usio wake. Kama tofauti yenyewe ni sawa na deni la mteja fulani, huyo ameachwa au ameingia mara mbili.

Bidhaa kwa kifupi: vipimo. Nyavu umenunua kwa bando unauza kwa pisi, kamba umenunua kwa rola unauza kwa mita au kwa kilo. Amua kipimo kimoja cha kutunzia stoki na gharama iwe ya kipimo hicho hicho, kwa sababu mabando 12 yakiingia kama pisi 12 kwa gharama ya bando, mauzo ya siku ya kwanza tu yatakuonyesha hasara ambayo haipo. Idadi tumia uliyohesabu kwa mkono, siyo ya kwenye QuickBooks, tofauti andika kule kwenye ya zamani kabla ya kufunga. Na kila bidhaa ibebe kodi yake, yenye 18 na yenye msamaha zisichanganywe.

Ukishahamia kutakuwa na uingizaji mwingine wa kila wiki, wa benki na wa pesa za simu, hapo nina mambo machache. Omba benki taarifa ya Excel au CSV, siyo PDF, PDF ni picha ya kusomwa na mtu. Lipa namba na mitandao ya simu mara nyingi wanakupa PDF yenye nywila, ukitaka kuigeuza usiende kuipandisha kwenye tovuti yoyote ya bure uliyoikuta mtandaoni, ile ina majina na simu za wateja wako wote na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iondolee nywila kwenye kompyuta yako mwenyewe kisha tumia Excel yenyewe, matoleo mapya yana uwezo wa kuvuta majedwali kutoka kwenye PDF isiyo na nywila. Angalia kama programu yako inataka kolamu moja ya kiasi yenye alama ya kutoa kwa pesa iliyotoka, au kolamu mbili za kuingia na kutoka, QuickBooks ya mtandaoni kwa mfano inakubali zote mbili. Makato yaache kama mistari yake, usiyajumlishe kwenye mauzo. Usirudie tarehe, kama wiki iliyopita uliishia tarehe 14 leo anza 15. Na mauzo chagua mlango mmoja, kama unaingiza jumla ya ripoti ya Z (ya mwisho wa siku) ya mashine ya risiti ya EFD kila jioni basi usiingize tena invoisi za siku hiyo za risiti hizo hizo, maana utakuwa umerudi kwenye ugonjwa ule ule wa kudabo.

Watu watakushauri uendeshe programu zote mbili kwa miezi mitatu ili ulinganishe. Kwa kampuni yenye ofisi ya uhasibu sawa. Kwa duka lenye wewe na vijana wawili mimi sikubaliani, kuandika mauzo mara mbili kila siku kutawachosha na ndani ya wiki ya pili zote mbili zitakuwa na mapengo, halafu hutajua ipi ni ya kuamini. Linganisha kwa nguvu siku moja, ile ya kuhama, ukiridhika funga ya zamani ibaki ya kusoma tu.

Jambo jingine lifanye mapema kabla hujalipia programu mpya kwa mwaka mzima: jaribu kutoa. Ingiza hivyo vichache, kisha toa wateja, bidhaa, leja na invoisi uone vinatoka vyote kwa CSV au Excel, na uone kama invoisi zinatoka na mistari ya bidhaa au jumla tu. Waulize pia ukiacha kulipia unabaki na uwezo wa kuingia kusoma na kutoa kwa muda gani. Kuingia kila programu inakurahisishia, kutoka ndo kwenye tofauti.

Kuhusu kijana. Sina shida naye, na hiyo kazi ya kusafisha mafaili kama anaijua Excel ataifanya haraka kuliko wewe, mlipe. Ila kubaliana naye kwanza kwamba hahamishi miaka minne, anahamisha vile vitu nilivyotaja kwa siku mliyochagua. Mpe nakala za mafaili, usimpe bakapu nzima wala nywila ya msimamizi, kwenye programu mpya mfungulie jina lake mwenyewe la kuingilia ambalo utalifuta akimaliza. Kabla hajaanza chapisha kutoka QuickBooks ripoti tano za siku ya kuhama: urari, wadaiwa kwa kila mteja, wadai kwa kila msambazaji, thamani ya stoki, na salio la benki na pesa za simu. Malipo yake ya mwisho yatoke pale ripoti hizo hizo tano zikichapishwa kutoka programu mpya na kusoma sawa, mteja kwa mteja, siyo jumla tu, na akaunti ya kuhamia ikiwa sifuri. Akikwambia tofauti ni ndogo itajirekebisha yenyewe mbele ya safari, usimlipe bado.